Pumzi ya Mselemu na Siwa ya Sultani Dahmani

Katika mji wa Marijani Kuu, mji wa kuta za matumbawe meupe na milango ya msaji iliyochongwa maua na minyororo, alitawala Sultani Dahmani bin Jabri, na enzi yake ilisifiwa bara na visiwani, na waliomsifu walilipwa, na wasiomsifu walisafiri. Neno hilo, kusafiri, lishike vizuri, msomaji, kwa maana katika Marijani Kuu mtu hakufungwa wala hakupotea wala hakuuawa, hasha. Mtu alisafiri tu. Fulani yuko wapi? Amesafiri. Mbona viatu vyake viko mlangoni? Aliondoka kwa haraka. Basi, stori imekwisha, pita na njia yako.

Na nguvu ya Sultani huyo haikuwa katika askari, maana askari wake walikuwa na vitambi na mikuki yao ilikuwa na kutu. Nguvu yake ilikuwa katika siwa, lile baragumu kubwa la pembe ya ndovu lililovishwa mikanda ya fedha, na ndani ya siwa hiyo babu wa babu zake alimfunga jini jina lake Kahari, akamwapisha kwa majina makubwa kwamba atatumika maadamu siwa inalia. Na kanuni yake ilikuwa hivi: Sultani hutamka amri akiwa ameketi, na waziri huirudia akiwa amesimama, na mpiga siwa hupuliza akiwa amefungwa macho kwa kitambaa cha hariri, na jini hutoka akatenda. Sultani kamwe hakuitia siwa mdomoni, kwa kuwa ilisemwa ni kujishusha, na mpiga siwa kamwe hakuona kilichotendeka, kwa kuwa ilisemwa ni heshima. Ukishapuliza, mtumishi hukushika mkono akakupeleka chumba cha kahawa, na kitambaa hufunguliwa mbele ya sinia la halua, na huko nje dunia ikaendelea na mambo yake.

Mpiga siwa wa zama hizo alikuwa kijana aitwaye Mselemu bin Kheri, na alikuwa msomi, wallahi si msomi wa kubabaisha. Alihitimu nahau na falaki na mantiki na fikihi katika chuo cha Maalim Mahfudhi, mzee aliyemfundisha tangu alifu kwa kijiti, na alipohitimu alipewa ijaza yenye muhuri, digrii ya zama zile, akaikunja vizuri akaitia katika bweta, na bweta likakaa, na yeye akakaa. Alikaa katika mabaraza ya watu mpaka mabaraza yakamchoka. Alikwenda bandarini, wakamwambia tunataka mwenye uzoefu. Akauliza, uzoefu nitaupata wapi ikiwa hamniajiri. Wakacheka, wakamwambia hilo ni swali zuri sana, sori, nafasi imejaa. Alikwenda forodhani, akakuta nafasi imetangazwa leo na imejazwa jana. Wale aliokuwa akiwafundisha hesabu chuoni, vichwa vya nazi kavu, walikuwa makarani kwa kuwa baba zao walikuwa makarani, na wakipita mbele ya baraza walimwita "Profesa" na kucheka mpaka kona. Na mama yake, Bi Shuwena, alimfichia kipande cha mkate wa kumimina chini ya kawa na hakumwambia neno, na kule kutoambiwa neno ndiko kulikomla moyo.

Mpaka mjomba wake Ghalibu, ndugu wa mama yake, alipopandishwa akawa waziri, ndipo siku moja ikagundulika kwamba Mselemu ana kifua kizuri. Huo ndio uzoefu uliokuwa ukitafutwa. Kifua.

Akavishwa joho, na akapewa nyumba yenye ua na kisima, na mama yake akapata tabibu wa miguu na shali ya kashmiri, na wale makarani wakaanza kumwamkia kwa mikono miwili. Naye Mselemu akapuliza kwa moyo mkunjufu. Aliambiwa kwamba jini anainua mawe ya bandari, na kweli bandari ilijengwa. Aliambiwa anazima moto wa sokoni, na kweli moto ulizimika. Na siku ambazo hakuambiwa kitu, hakuuliza. Halua ilikuwa nzuri, ya iliki na lozi.

Sasa ikatokea siku moja mchana, baada ya kupuliza, Mselemu akaongozwa chumba cha kahawa, na kitambaa kilipofunguliwa akaona tundu limetundikwa dirishani na ndani yake kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Mtumishi aliyemimina kahawa, mzee Feruzi, akasema kasuku amehamishiwa humo kwa kuwa paa la mahali pake linatengenezwa. Na kasuku akageuza shingo, akamwiga Sultani anavyopiga miayo, na akamwiga waziri anavyokohoa kabla ya kusema uongo, na Mselemu akacheka mpaka machozi, akamega halua akaitia kinywani.

Kisha kasuku akasema, kwa sauti ya mzee yenye mtetemo kidogo mwishoni mwa maneno, "Mwambieni Mselemu apige upesi. Kijana wangu yule, kifua chake nakijua. Asinikawize, jua kali."

Halua ikasimama kinywani. Hakuitema na hakuimeza. Sauti ile aliijua kuliko sauti ya marehemu baba yake. Ilikuwa sauti ya Maalim Mahfudhi, na Maalim Mahfudhi alikuwa amesafiri kwenda Hijazi tangu mwaka jana, baada ya kusema darasani kwamba Sultani naye anapaswa kutoa zaka. Siku aliyosafiri, Mselemu alipuliza siwa, tena alipuliza vizuri, mpaka akasifiwa.

"Mzee Feruzi," akasema, "kasuku huyu alikuwa akikaa wapi?"

"Uani, bwana."

"Uani wapi?"

Mzee Feruzi akaendelea kumimina kahawa bila kumtazama. "Kule wanakosafiria watu," akasema. "Niongeze kikombe?"

Mselemu akatoka pale kama mtu aliyepigwa dafrau na ng'ombe, anakwenda lakini haoni anakokwenda, mpaka akajikuta barazani kwa waziri, mjomba wake, ambaye alikuwa akitiwa hina ndevuni na kijakazi. Waziri alipoona uso wa mpwa wake, akamwondoa kijakazi.

"Shikamoo mjomba. Maalim Mahfudhi yuko wapi?"

"Marahaba. Amesafiri."

"Nimemsikia leo. Katika tundu la kasuku."

Waziri Ghalibu akakohoa. Kisha akaona kukohoa hakutamfaa, akachukua kioo akazitazama ndevu zake. "Nilisema ndege yule achinjwe. Hakuna anayenisikiliza katika jumba lile."

"Mjomba, ina maana ulijua?"

"Nani asiyejua, mwanangu? Wauza dagaa wanajua. Vichaa wa sokoni wanajua. Mama yako anajua, ndiyo maana ile shali ya kashmiri mpaka leo iko sandukuni, hujaiona mabegani mwake hata siku ya Idi. Wewe peke yako ndiye usiyejua, na mshahara wako ni wa hiyo kazi. Unadhani unalipwa kwa kupuliza? Hata mbuzi anaweza kupuliza. Unalipwa kwa kutojua."

Mselemu akakaa chini, juu ya jamvi lenyewe, hakutafuta mto. Waziri akamwonea huruma, na huruma ya waziri ni kitu cha kuogopwa kuliko ghadhabu yake.

"Hebu tumia ile mantiki yako uliyohitimu," akasema kwa upole. "Sultani ana neno. Mimi nina kurudia. Jini ana kutenda. Wewe una nini? Una pumzi. Pumzi ina dhambi gani? Kila mtu hapa duniani anapumua. Tena ukiacha leo, kesho ataletwa mwingine. Mabaraza yamejaa vijana wenye vifua, na ijaza zao zinaliwa na mende kama yako ilivyokuwa ikiliwa. Unafikiri watauliza?"

Na hilo ndilo lililomkata Mselemu maini, kwa kuwa alijua hawatauliza, na alijua hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe hakuuliza.

Akarudi nyumbani, akamkuta mama yake anachambua mchele uani, akamwuliza jambo moja tu, je, alijua? Bi Shuwena akachambua kwa kitambo, akatoa kijiwe akakitupa.

"Nilijua, baba. Nilisema nikikwambia utaacha, na ukiacha tutarudi kwenye mkate wa chini ya kawa. Sasa umejua. Sikwambii uache, wala sikwambii usiache. Mimi na njaa tumezeeka pamoja, tunaitana kwa majina. Lakini na yule Maalim alikuwa akikutuma uniletee tende kila Ramadhani."

Mtu angedhani baada ya hayo Mselemu alikwenda akalitupa joho mlangoni kwa Sultani. Wapi. Ijumaa ilipofika alivaa joho lile lile akaenda kazini, maana kujua ni jambo moja na kukosa mshahara ni jambo la pili, na njiani akajiambia labda leo ni mawe ya bandari tu.

Haikuwa bandari. Baada ya sala Sultani aliketi katika ukumbi wa hukumu, na waziri akasimama, na kadhi akakaa, na amiri wa jeshi akajaza mlango kwa tumbo lake, na mbele yao akaletwa mwanamke kijana mwenye udongo mkavu mpaka viwikoni, jina lake Zuwena binti Mwinyikai, mfinyanzi, aliyetumwa na watu wa Mtaa wa Wafinyanzi kuja kusema kwa niaba yao. Mselemu alikuwa ameshafungwa kitambaa, kwa hiyo hakumwona, alimsikia.

"Imetufikia habari," akasema Sultani, "kwamba tumewaomba ninyi wafinyanzi muhame ili tausi wetu wapate bustani, nanyi mmekataa. Tuambie, binti, ni kwa sababu gani tausi wakose pa kutembea?"

"Ewe Sultani mwenye enzi, Mungu akuzidishie afya na akupunguzie washauri," akajibu Zuwena, na watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. "Sisi hatuna ugomvi na tausi. Lakini udongo wa mtaa ule ndio tunaoufinyanga, na chini yake wamelala bibi zetu waliotufundisha kuufinyanga, na maji uliyotawadhia leo yalilala katika mtungi wetu. Tukihama tutafinyanga nini, mchanga?"

"Hamtakuwa na haja ya kufinyanga," akasema Sultani, na kwa sauti yake ungedhani anaagiza sharubati. "Tumeamua. Mtaa wa Wafinyanzi usafiri."

Watu walishazoea mtu kusafiri. Walizoea hata ndugu wawili kusafiri pamoja. Lakini mtaa mzima, na wazee wake, na watoto wanaonyonya, na kuku, na vyungu vikiwa bado motoni, hilo halikuwa limewahi kusikika.

Waziri akakohoa. "Mtaa wa Wafinyanzi usafiri," akarudia.

Mselemu akainua siwa. Nasema ukweli, aliinua. Mikono yake ilikuwa imezoea, ikanyanyuka yenyewe, na kifua kikajaa upepo chenyewe, na ncha ya fedha ikamgusa mdomo. Na hapo Zuwena akasema, wala hakupaza sauti, "Na wewe bwana uliyefungwa macho, masikio nayo wameyafunga? Nauliza tu. Maana ukipiga, mimi ndiye nitakayekwenda kuwaambia watoto wasikimbie."

Pumzi ile ikageuka ndani yake ikawa mzigo. Akaishusha siwa, akaiweka sakafuni taratibu, na kwa mkono wake mwenyewe akafungua kitambaa cha hariri, jambo ambalo halikupata kutendeka tangu mji kujengwa, na kwa mara ya kwanza akauona ukumbi aliofanyia kazi siku zote hizo. Akaona kadhi anatazama boriti za dari. Akaona amiri wa jeshi anatazama kucha zake. Akaona wakuu wote wa Marijani Kuu wana macho mazima, na hakuna hata mmoja anayeyatumia. Kwa nini basi walimfunga yeye peke yake, akashangaa, ilhali kitambaa kingewatosha wote?

"Mselemu," akanong'ona mjomba wake, "funga hicho kitu upesi, usinitie aibu."

Mselemu akapiga magoti, kwa sababu adabu alikuwa nayo, na akasema: "Ewe Sultani Dahmani bin Jabri, nimekula chumvi yako na sikani, na utii niliokuahidi sijautupa, na ukiniambia leo nibebe mawe ya bandari kwa kichwa changu nitabeba mpaka shingo iingie kifuani. Lakini pumzi hii hukunipa wewe, bwana wangu. Aliyenipa ataniuliza niliipuliza wapi, na siku hiyo hutakuwapo kunijibia, na mimi sitakuwa na kitambaa. Kwa hiyo sipigi. La, siwezi, na hata nikiweza, sipigi."

Sultani hakukasirika mara moja. Alishangaa tu, kama mtu aliyekalia kiti kikamjibu. Akamgeukia waziri. "Ghalibu, katika ukoo wenu kuna wazimu?"

"Upande wa baba yake, bwana wangu," akajibu waziri.

"Kijana," akasema Sultani, "unajua ni wangapi wanaoitaka kazi hii?"

"Nawajua, bwana wangu. Nilikaa nao barazani."

"Basi utasafiri wewe kwanza, na mtaa utafuata. Ghalibu, chukua siwa upige."

Waziri Ghalibu akakohoa, na safari hii kikohozi hakikuisha, akasema pumu imemshika leo asubuhi. Sultani akamwamuru kadhi, na kadhi akasema amefunga sunna na anahofia kupuliza kutaharibu saumu, na chembe za halua zilikuwa bado ndevuni mwake. Akamwamuru amiri wa jeshi, na amiri akaonyesha mdomo wake akasema umepasuka kwa upepo wa bahari. Wala usidhani waliingiwa na wema ghafla. Kila mmoja wao alikuwa radhi mtaa usafiri, tena na Mselemu akiwa mbele. Ila kitambaa kilikuwa sakafuni, na watu wote wanaona, na hakuna aliyetaka kuwa yeye ndiye pumzi yenyewe. Amri ikazunguka ukumbini kama chungu cha moto kisicho na kata ya kukibebea, kila mkono ukakikwepa.

Ndipo Sultani akaghadhibika ghadhabu kubwa, akainuka katika kiti cha enzi, akashuka ngazi, akaiokota siwa, akasema, "Kumbe ninafuga wanawali. Kahari, umchukue huyu, na baada yake mtaa." Akaitia siwa mdomoni mwake mwenyewe, akapuliza.

Na siwa ikalia mlio ambao hata waliozaliwa nao hawakupata kuusikia, mzito, kana kwamba ardhi imefungua koo, na vumbi likaanguka kutoka katika boriti, na jini Kahari akatoka. Hakutoka kwa moshi wala kwa cheche. Alitoka ameinama, kiwiliwili chake ni rangi ya pembe kuukuu, na juu ya mgongo wake kulikuwa na kitu kisichoonekana ambacho uzito wake ulionekana, maana kila alipokanyaga vigae vilipasuka.

"Nani ameamuru?" akauliza jini.

"Mimi, Sultani Dahmani."

"Na nani amepuliza?"

"U kiziwi? Mimi pia."

Na wakuu wa Marijani Kuu wakaona jambo lililowagandisha damu: jini analia.

"Babu wa babu yako aliniapisha," akasema Kahari, "kwamba nitatenda na sitamdai mtu, maadamu neno liko kinywa kimoja na pumzi iko kinywa kingine. Nikamaliza kazi nikampelekea tendo mpiga siwa, akasema mimi ni pumzi tu. Nikamrudishia Sultani, akasema mimi ni neno tu. Nikamwuliza waziri, akakohoa. Likabaki mgongoni kwangu mimi, jini, na mengine yakaja juu yake, na nimeyabeba zama hizi zote hayana mwenyewe. Leo yamepata mwenyewe. Yapokee, bwana wangu. Haya yako kwa mkono wako, na haya ni urithi."

Na akaanza kumtwika. Hakuna aliyeona alichotua, lakini waliona Sultani anavyopinda. Kahari aliweka mkono juu ya bega la Sultani kwa adabu, kama mtu anayemsaidia mwenzake kujitwika, na akatamka jina; na goti la Sultani likakunjika. Akatamka jina jingine, na sakafu ya chokaa ikafunguka chini ya nyayo zake. Na majina hayo watu ukumbini waliyajua, walikuwa kaka zao na majirani zao na yule muuza kashata aliyewahi kucheka vibaya, na kila jina liliposemwa mtu mmoja kati ya waliosimama alishika ukuta. Lilipotajwa la Mahfudhi, Sultani alikuwa ardhini mpaka kiunoni, na alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayesadiki kabisa, "Lakini mimi nilisema neno tu. Mimi nilisema neno tu." Akazama akisema hivyo. Chokaa ikajifunga juu yake, kilemba kikabaki sakafuni.

Kisha jini akamgeukia Mselemu, aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Na wewe. Ulijua?"

"Sikujua."

"Uliuliza?"

Mselemu akatafuta jibu katika elimu yake yote, katika mantiki na fikihi, akakuta ni moja tu. "Sikuuliza. Nipe fungu langu."

"Fungu lako ni dogo kuliko lake," akasema Kahari, "lakini si bure." Akamgusa kooni kwa kidole kimoja, baridi kama jiwe la kisimani, akaitoa sauti yake, akamwachia mnong'ono tu. Halafu akanyooka, na aliponyooka kichwa chake kilipita dari, akatoka mjini kwa njia ya Mtaa wa Wafinyanzi, mwepesi kwa mara ya kwanza, anarukaruka kama ndama, na kila alipokanyaga udongo ukawa laini kama samli. Siwa ikapasuka vipande viwili, na haikulia tena.

Unataka kujua wakuu walifanya nini? Ndugu yake Sultani, aliyekuwa ameketi kati ya wakuu, alikiokota kilemba, akakikung'uta vumbi, akakivaa. Na waziri Ghalibu, pumu imepona, akapaza sauti kumtakia enzi ndefu, na kadhi akaomba dua, na mdomo wa amiri ukawa mzima kabisa. Kabla ya alasiri Mselemu aliitwa akaambiwa Sultani mpya ni mtu wa mageuzi, ana siwa mpya inachongwa, haina jini wala nini, ya heshima tu, na nafasi yake bado ipo. Mselemu akanong'ona kitu, na Sultani mpya akasema, "Anasemaje? Hatusikii." Mzee Feruzi, aliyekuwa karibu, akasema, "Anasema ahsante, bwana wangu, hapana."

Akaenda moja kwa moja kwa mjane wa Maalim Mahfudhi, Bi Mwanate, na alitembea polepole kuliko alivyokwenda kwa mtu yeyote. Bi kizee yule alimfungulia mlango akamtazama sana.

"Habari zimenifikia," akasema. "Ingia. Sikia, nina swali moja nalo silali kwa ajili yake. Alisema nini mwisho?"

Mselemu akainama sikioni mwake akamwambia.

Bi Mwanate akatoa sauti isiyojulikana kama ni kicheko au ni kilio. "Jua kali," akasema. "Ndiye yeye. Miaka yote ile ya ndoa, mtu hata msikitini akilalamika jua kali." Na hakusema amemsamehe, na Mselemu hakuuliza. Akachukua ndoo, akamchotea maji, na kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia.

Joho akaliuza, na nyumba akanyang'anywa, na mama yake akarudi katika chumba kimoja, lakini siku ya kuhama Bi Shuwena alifungua sanduku akaitoa shali ya kashmiri, akaenda kumpa Bi Mwanate, akarudi mabega matupu, anaimba. Na Mselemu, msomi wa falaki, akaenda Mtaa wa Wafinyanzi kuomba kazi ya kukanda udongo. Zuwena akamwuliza, "Una uzoefu?" Naye akakunja mikono ya kanzu mpaka viwikoni, Zuwena akacheka akamwonyesha lundo lilipo.

Ama udongo ule aliokanyaga jini, vyombo vyake vilikuwa ajabu ya dunia: maji yaliyolala ndani yake yalikuwa baridi katikati ya kaskazi, na maziwa hayakuganda, na vyombo hivyo vikatafutwa mpaka Bara Hindi, na mtaa ukatajirika wote pamoja, na tausi waliletwa wakatembea kati ya tanuri, na walipendeza.

Na siku Mselemu alipomwoa Zuwena, kadhi ni yule yule, maana makadhi hawasafiri. Akasoma hotuba ya ndoa kwa madaha, kisha akamtaka bwana harusi akubali. Mselemu akakubali. Kadhi akaweka mkono sikioni. "Sijasikia. Mashahidi, mmesikia? Ndoa lazima isikike." Mselemu akarudia, mishipa ya shingo imemsimama, na hakuna kilichotoka zaidi ya upepo. Mashahidi wawili, wafinyanzi wenye masikio makubwa, wakaondoka mahali pao wakaenda wakakaa magoti kwa magoti naye, vichwa vinagusana, wakasikiliza, wakaitikia kwamba wamesikia. Kadhi bado anasitasita. Na kutoka nyuma ya pazia, ambako bibi harusi alitakiwa akae kimya kama ada, ikaja sauti:

"Shekhe, mimi nimesikia tangu mara ya kwanza. Andika."

Kadhi akaandika. Na haya ndiyo mazingatio kwa mwenye akili: mkubwa mtii, chumvi yake ukiila usiikane, lakini akikuambia wewe ni pumzi tu, mwulize pumzi hiyo inakwenda kwa nani, na ukishajua, usingoje ujasiri, maana unaweza usije, wewe shusha siwa hivyo hivyo na magoti yakigongana. Na wale wasiouliza, wakae na halua yao.